Choa, mba au harara? Na kati ya tyubu mbili, uchukue ipi?

Kaskazi ikishaingia Tanga, wateja wangu hubadilika. Mwezi wa saba wanakuja na mafua na vikohozi. Mwezi wa pili wanakuja wakijikuna. Mtu anaingia dukani, anatazama nyuma kama kuna anayemsikia, anainamia kaunta na kunong'ona: "Dada, nipe dawa ya fangasi. Ile kali."

Hiyo "ile kali" ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Nauza dawa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, na kabatini mwangu tyubu mbili zimekaa bega kwa bega. Ya kwanza ina dawa ya fangasi peke yake. Ya pili ni mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibayotiki, na juu yake steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe na muwasho. Ya pili hukata muwasho kwa siku mbili tatu. Ya kwanza inataka wiki mbili, pengine nne. Ukimwachia mteja achague mwenyewe, mara nyingi atanyoosha kidole kwenye ya pili. Sifichi kwamba mimi niko upande wa ile ya kwanza, na sababu nitazitoa. Ila kuna swali linalotangulia tyubu zote: una fangasi kweli?

Harara, choa na mba

Harara ndiyo inayodanganya wengi. Ni vipele vidogo kama vichwa vya pini, vimetapakaa shingoni, mgongoni, chini ya matiti, na kwa watoto wachanga hata usoni. Vinachoma zaidi kuliko kuwasha. Vinatoka siku ya fukuto, jasho linapokosa njia ya kutokea, na mtu akikaa penye upepo, akaoga na kuvaa kitu chepesi, vinaondoka vyenyewe baada ya siku chache. Harara haina duara wala maganda, na haitaki dawa ya fangasi. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu aliyepakwa mafuta ya mgando na kufunikwa blanketi mchana wa Februari, mimi namwambia avue blanketi, aache mafuta, arudi nyumbani na pesa yake.

Choa ni kitu kingine. Kina duara. Ukingo wake umeinuka, una vipele vidogo na maganda, na katikati pameanza kupona, mfano wa alama inayoachwa na kikombe cha chai mezani. Kwenye ngozi nyeupe ukingo huwa mwekundu. Kwenye ngozi zetu mara nyingi ni kahawia iliyokoza au kijivu, kwa hiyo usisubiri kuona wekundu. Kinawasha sana, kinatanuka kwenda nje siku hadi siku, na kinaambukiza: kwa taulo, kwa shuka, kwa kugusana ngozi, hata kwa paka mdogo wa nyumbani au ndama. Tanga tunafuga ng'ombe wa maziwa wengi, na nimeshaona mkamuaji mwenye choa mkononi na ndama mwenye mabaka ya manyoya yaliyonyonyoka usoni. Wote wawili walihitaji kutibiwa, mmoja kwangu, mwingine kwa daktari wa mifugo. Choa hichohicho kikikaa kinenani kinapanda kama nusu duara kwenye paja, na kikikaa kati ya vidole vya miguu kinakuwa ngozi nyeupe iliyolowa, inapasuka na kunuka.

Mba wa mwilini, ambao wengine wanauita utangotango, haufanani na choa ukiutazama vizuri. Ni mabaka mengi madogo yanayoungana, mepesi kuliko ngozi au pengine meusi kidogo, kifuani, mgongoni, mabegani na shingoni. Hauwashi sana; watu wengi wanauona siku wanapovua shati. Jaribu hivi: vuta ngozi ya baka kwa vidole viwili mpaka inyooke, kisha kwangua polepole kwa ukucha. Ukitoka ungaunga mwembamba kama wa muhogo, hapo pana mba. Kuvu wake anaitwa Malassezia, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba anaishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima, mimi na wewe. Anakula mafuta ya ngozi. Joto, jasho na mafuta ya kupaka vikizidi, anastawi na kuharibu rangi. Kwa hiyo mba si uchafu wala hauambukizi. Kuna mama alimtengea mwanawe sahani, kikombe na mkeka kwa miezi miwili kwa sababu ya utangotango. Nilimwambia, "Mama, mrudishie kijana mkeka wake," akacheka, ila kijana aliyesimama pembeni hakucheka.

Sasa baka moja ambalo silitilii dawa kabisa. Ni jepesi rangi, haliwashi, halitoi unga, pengine halitoki jasho na vinyweleo vimepungua. Mfumbe mtu macho, chukua ncha ya pamba au uzi wa khanga, gusa baka, kisha gusa ngozi ya pembeni, umwambie aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Akishindwa kuhisi pale kwenye baka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni ukoma. Dawa zake zinatolewa bure, zinamezwa miezi 6 au 12 kutegemea aina, na akiwahi anapona bila kilema. Tyubu ya fangasi hapo inampotezea muda tu, na kwa ukoma muda ndio vidole.

Upele nitaupitia upesi: unawasha zaidi usiku, unaanzia kati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na ukiuliza nyumbani utakuta watatu wanne wanajikuna. Huo ni mdudu, na dawa yake ni nyingine. Ukurutu hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, pande zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi mtu anao tangu utotoni. Mkata mkonge aliyewaka mikono yote baada ya siku ya kwanza shambani naye hana fangasi. Utomvu ndio uliomwasha.

Tyubu mbili

Turudi kabatini. Naandika majina ya dawa kama yalivyo kwenye boksi, ili ukienda dukani uyalinganishe mwenyewe.

Tyubu ya kwanza, ile ya dawa moja, mara nyingi ni clotrimazole asilimia 1 au miconazole asilimia 2. Ya pili, ya mchanganyiko, ukigeuza boksi na kusoma maandishi madogo utaona clotrimazole hiyohiyo, kisha neno kama betamethasone au clobetasol, na mara nyingi gentamicin au neomycin. Betamethasone na clobetasol ni steroidi. Soma hapo. Si lazima ujue kemia. Ukiona jina mojawapo kati ya hayo mawili, simama uulize.

Mwaka jana wakati wa joto alikuja kijana wa bodaboda, anaegesha maeneo ya stendi. Alisimama wima kaunta, hakutaka kukaa kwenye benchi. Alikuwa ameshatumia tyubu tatu za mchanganyiko kutoka kwingine. Kila akipaka, siku ya pili muwasho kwisha, anaacha, baada ya wiki umerudi, na eneo limeongezeka. Akapaka tena. Alipokubali kunionyesha, kule nyuma ya duka, choa kilikuwa kimetoka kinenani kikafika nusu ya paja, na hakikuwa tena na duara. Ukingo ulikuwa umefifia, vipele vimetawanyika ovyo, na juu ya paja kulikuwa na michirizi kama ile ya tumbo la mzazi. Michirizi ile haitaondoka.

Kilichotokea ni hiki. Steroidi haiui fangasi. Inazima wekundu, uvimbe na muwasho, yaani inaufanya mwili uache kupambana. Mtu anadhani amepona, kumbe kuvu anakula kwa raha bila kusumbuliwa. Ukiacha kupaka, mwili unashtuka na muwasho unarudi kwa nguvu. Zaidi ya hapo ngozi ya kinena, kwapa na uso ni nyembamba, inanyonya steroidi nyingi, ikikonda inachanika ndani na kuacha michirizi. Madaktari wana jina la choa cha namna hii, maana yake ni choa kisichotambulika: kimepoteza sura, hata mtaalamu anaweza kukidhania ukurutu na kuongeza steroidi nyingine.

Nami nikiri: mwaka wangu wa kwanza kazini niliuza mchanganyiko kwa kila aliyenong'ona. Wateja walirudi kunishukuru. Waliorudi baadaye kulalamika, sidhani kama walinirudia mimi.

Lipo na jingine. Huko India, ambako krimu za mchanganyiko zimeuzwa kiholela kwa miaka mingi, amezuka kuvu wa choa anayehimili terbinafine, mojawapo ya dawa zetu bora. Mwaka 2020 alipewa jina la Trichophyton indotineae, na ameshaonekana katika nchi kadhaa nyingine. Wataalamu wengi wanazinyooshea kidole zile krimu.

Na dada zangu wa mkorogo, hili linawahusu. Krimu nyingi za kung'arisha zina clobetasol ndani yake. Ukiwa na choa shingoni na huku unapaka mkorogo asubuhi na jioni, clotrimazole yako inafanya kazi huku mkono mwingine unaibomoa. Chagua kimoja.

Je, mchanganyiko hauna kazi kabisa? Unayo, daktari akiona ngozi imevimba na kuwaka sana anaweza kuuandika kwa siku chache, kisha ukahamia tyubu ya dawa moja. Siku chache zenye kikomo, alizozihesabu mtu aliyekukagua. Usijiandikie mwenyewe.

Kati ya zile za dawa moja

Hapa uchaguzi hauna hofu, una nafuu tu. Clotrimazole ndiyo mtumishi wa kila kazi: inatibu choa, mba na kandida (fangasi ya mikunjo ya ngozi), wajawazito hupaka, na iko kila duka. Kasoro yake ni uvumilivu inaoutaka, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Terbinafine ya kupaka, asilimia 1, ni ghali zaidi ila inaua kuvu wa choa badala ya kumzuia tu asikue, kwa hiyo wiki moja hadi mbili mara nyingi inatosha. Kwa mtu ninayemjua kwamba hatavumilia wiki nne, namshauri aongeze pesa achukue hiyo. Kwa kandida terbinafine haina makali sana.

Whitfield ni mafuta ya zamani, asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3. Yanamenya ngozi ngumu, na kwa nyayo zilizokakamaa na kupasuka bado nayapenda. Usiyapeleke kinenani, usoni, wala penye kidonda, utaruka. Nystatin nayo inawapoteza watu: ni ya kandida peke yake, choa hakiijui. Kandida utaitambua kwenye mikunjo, chini ya matiti, chini ya tumbo, kwenye makalio ya mtoto wa nepi. Ngozi imewaka, imelowa, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyojitenga kama vifaranga kando ya kuku. Kandida ikirudi rudi kwa mtu mzima, nampeleka kupima sukari kabla sijamuuzia tyubu ya tatu.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na unachopaka. Oga, kauka kabisa, kisha anza nje ya duara, kama sentimita mbili kwenye ngozi inayoonekana nzima, uje ukiingia ndani. Kuvu anayetambaa yuko ukingoni, na wengi wanapaka katikati pale palipokwisha kupona. Na muwasho ukiisha usiache. Choa kikishatoweka machoni, ongeza wiki moja au mbili. Watu wa nje hututania kwa ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo. Choa si mgeni wa namna hiyo.

Mba: krimu au shampuu?

Kwa mabaka mawili matatu, krimu. Kwa mgongo mzima, krimu inakwisha kabla ya wiki na mkono haufiki. Hapo shampuu inashinda: ketoconazole asilimia 2, au selenium sulfide asilimia 2.5. Ndiyo, shampuu ya nywele, lakini unaipaka mwilini. Ketoconazole unaiacha kama dakika tano kisha unaoga, siku tatu hadi tano mfululizo. Selenium unaiacha dakika kumi, kila siku kwa siku saba, na harufu yake ni ya yai bovu, nisikufiche. Kisha ungaunga ukiisha ndipo lawama zinapoanza: "Dada, dawa yako haijafanya kazi, mabaka bado." Kuvu amekufa, rangi ndiyo bado. Inarudi baada ya wiki kadhaa, pengine miezi, na jua linasaidia kulinganisha. Kwangua; ukiona hakuna unga, subiri. Na kwa sababu Malassezia haondoki kabisa, mtu ambaye mba humrudia kila kaskazi aoge kwa shampuu hiyo mara moja kwa mwezi kuanzia Novemba, na aache kujipaka mafuta mazito mgongoni, hata yawe ya nazi ya nyumbani.

Kupaka au kumeza?

Kwa choa cha mwilini na mba, paka. Kwa mapunye ya watoto, kumeza ndiko kunakotibu, maana krimu haifiki ndani ya mzizi wa unywele. Kichwa kina mabaka ya maganda, nywele zimekatika karibu na ngozi, pengine vidoti vyeusi. Kunyoa upara hakutoshi, na mashine ya kinyozi isiyofutwa kwa spiriti ndiyo inayogawa mapunye kwa mtaa mzima. Daktari huandika griseofulvin kwa wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, kwa uzito wa mtoto. Imezwe na chakula chenye mafuta, maziwa au mchuzi wa nazi, ndipo inaponyonywa vizuri. Kichwa kikivimba na kutoa usaha, usipasue. Peleka.

Kucha nazo zinataka vidonge, terbinafine kwa kawaida, wiki sita za mikono na kumi na mbili za miguu, tena baada ya vipimo, kwa sababu dawa hii inapita kwenye ini. Ajabu yake, vidonge hivyo havitibu mba hata kidogo, ingawa krimu yake inausaidia. Vidonge vya ketoconazole mtu akiniomba ninakataa: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilivibana kwa sababu vinaumiza ini, na choa cha paja hakistahili ini la mtu. Shampuu na krimu ya ketoconazole hazina shida hiyo.

Ukipaka sawasawa wiki nne bila nafuu, nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, wakwangue maganda na kuyatazama kwenye hadubini. Kipimo hakiumi na hakichukui muda mrefu. Usipake kitu siku chache kabla ya kwenda, hadubini ione.

Kukauka

Watu wananiuliza poda ipi. Poda ni ya mwisho kwenye orodha yangu. Iliyopakwa juu ya ngozi mbichi inageuka uji. Kwanza kauka. Sisi tunaotia udhu mara tano kwa siku, tunapitisha kidole kati ya vidole vya miguu ili maji yaingie. Kitambaa nacho kipite hapohapo ili maji yatoke, kabla ya kurudisha mguu kwenye soksi. Mwenye fangasi za miguu avae soksi kabla ya boksa, asije akazipitisha kuvu zilizo kwenye vidole moja kwa moja mpaka kinenani. Inachekesha, ila inasaidia.

Kati ya pamba na nailoni, pamba. Kati ya jinzi na suruali ya kitambaa kwa mtu anayekaa juu ya siti ya plastiki iliyopigwa jua kutwa, hata sijadili. Chini ya baibui vaa dera la pamba, si taiti. Taulo la kila mtu liwe lake, na masika, nguo za ndani zisipokauka vizuri kambani, zipige pasi. Unyevu ule ndio kuvu anaoutaka. Mtumba ufuliwe kabla haujaguswa na ngozi. Kuogelea baharini Raskazone hakuna ubaya, ubaya ni kurudi mjini kwa baiskeli na bukta iliyolowa.

Yule kijana wa bodaboda nilimpeleka hospitali, akaandikiwa dawa ya kumeza na ya kupaka, mchanganyiko akauacha. Wiki ya kwanza muwasho ulizidi, akaja juu: "Dada, umenimaliza." Nilikuwa nimemwonya kwamba steroidi ikiachwa ghafla ndivyo inavyokuwa, nikamwonya tena. Juzi amesimama nje, hakuzima pikipiki. Amenyoosha tyubu tupu, imekunjwa kuanzia mkiani mpaka shingoni kama dawa ya mswaki mwisho wa mwezi, akauliza kama mke wake naye apake, maana ameanza kujikuna. Nikamwambia amlete, nimwone kwanza.